Mlinzi wa Kisima cha Jomvu Kuu

"Siku ulizokuja kutuhesabu, mwanangu, maji yalikuwa wapi?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa Bi Mwanasiti wa Jomvu Kuu, mwanamke wa makamo aliyelipwa posho na baraza la mji ili alinde kisima. Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, viatu vimejaa vumbi la njia, nami nimeketi na kalamu nyekundu ile ile niliyoifutia kazi yake wiki moja kabla. Sikuelewa hata anauliza nini.

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi vijana wa ofisi ya makadirio mmeniomba niandike machache juu ya miaka yangu ya kazi. Mkitaka kujua nilipanda vyeo lini na lini, faili langu liko kabati la tatu, kama panya hawajalimaliza. Mimi nitaandika juu ya mwaka wangu wa kwanza tu, kwa sababu miaka yote iliyofuata nilikuwa nikijaribu kutoyarudia makosa ya mwaka huo. Mtanisamehe pia kwamba bajeti nzima ya mji mmoja nimeipitisha kwenye tundu la kisima kimoja. Ndivyo ninavyoikumbuka.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vimekwisha karibuni. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha juu huko Uganda, ambako wasichana tulikuwa wachache kiasi kwamba mpishi alitujua sote kwa majina na kwa vyakula tusivyovipenda. Nilisoma uchumi kidogo na ubishi mwingi. Baba yangu, Mrabai aliyekuwa fundi wa injini za gari la moshi, tukiishi Changamwe katika nyumba za wafanyakazi, alisema chuo kimenifundisha neno moja tu, nalo ni "kwa nini", na kwamba angeweza kunifundisha mwenyewe bila nauli.

Baraza la mji lilinichukua kuwa karani wa muda. Nilipofika ofisini siku ya kwanza, bawabu alinielekeza kwa wauguzi. Nilipomwambia nimekuja kufanya kazi ya makadirio, aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, kisha akaniuliza, kwa huruma kabisa, "Hakuna mwanamume kwenu?"

Karani mkuu alikuwa Bwana Athumani, mtu wa Likoni, mwembamba, kanzu nyeupe na koti jeusi kila siku ya Mungu. Alivuka kwa feri asubuhi na kurudi jioni, na hakuna siku niliyomsikia akiilalamikia feri, jambo ambalo kwa mtu wa Likoni ni ajabu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bwana." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Unajua kujumlisha?" Nikasema ndiyo. "Unajua kutembea?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Karatasi kubwa za mistari, ambazo zikitandazwa zilifunika meza mbili. Mashine moja ya kujumlisha yenye mkono wa kuvuta, iliyogoma kila ilipofika saba, hivyo saba zote tulizijumlisha kwa kichwa. Wino mweusi wa kuandikia, na wino mwekundu wa kufutia. Sheria ya Bwana Athumani ilikuwa kwamba neno lililofutwa lazima lisomeke. Unapiga mstari mmoja tu juu yake, na pembeni unaandika sababu na jina lako. "Ukimfuta mtu," alisema, "acha aweze kusoma nani alimfuta."

Jambo lililoitofautisha ofisi yetu na nyingine zote lilikuwa ule wito wa mafungu. Kila mwaka, kabla makadirio hayajapigwa chapa, Bwana Athumani alitukusanya makarani wote watano, akafungua madirisha, akasoma kitabu kizima kwa sauti, fungu moja moja. Kila fungu lilipotajwa, ilibidi mmoja wetu aseme "Nimeona," yaani amekiona kitu hicho kwa macho yake mwaka ule. Ikiwa hakuna aliyekiona, tulisema "Hatujaona," na mmoja wetu akatumwa.

"Taa ya njia, Bofu?"

"Nimeona," akasema karani wa upande wa Likoni. "Kioo kimepasuka upande wa bahari."

"Daraja la miti, Kisauni?"

"Nimeona. Nimelivuka. Sitalivuka tena."

Mimi niliuona wito huo kuwa upuuzi. Chuoni tulifundishwa kwamba kuna ripoti. Kwa nini watu watano wanaolipwa mshahara wabebwe na miguu yao kwenda kuangalia vitu vilivyoandikwa tayari? Nilimwuliza hivyo hivyo, siku yangu ya tatu kazini. Akanijibu, "Kwa sababu karatasi haichoki kusema kitu kipo." Kisha akanipa upande wote wa bara ya kaskazini na magharibi, Kisauni na Changamwe, niwe nautembelea mimi.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Wakati wa vita mji ulikuwa umenenepa kwa askari na meli. Askari walipoondoka, kambi zilibaki nguzo na mabati. Bandarini vibarua walijaa langoni tangu alfajiri, na wengi walirudi nyumbani kabla jua halijapanda. Maduka ya Changamwe yaliyokuwa yakiuza sigara na sabuni kwa wanajeshi yalifungwa moja baada ya jingine. Bei ya unga haikusikia kwamba vita vimekwisha. Ushuru wa masoko ulishuka, kodi za vibanda hazikulipika, na Mweka Hazina, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya upole, alishusha waraka kwamba kila idara ipunguze. Wapi, hakusema. Hiyo ilikuwa kazi yetu.

Bwana Athumani alinieleza siku hiyo jambo ambalo nimelithibitisha mara nyingi tangu hapo. Ukikata kitu kikubwa, watu wakubwa hupiga simu. Ukikata kitu kidogo hakuna anayepiga simu, kwa kuwa mwenye kitu kidogo hana simu. Ndiyo sababu makarani duniani kote hukata vitu vidogo, kisha hushangaa kwamba jumla haijapungua.

Nilimsikia, lakini nilikuwa na haraka ya kuwa hodari. Na ushindi wangu wa kwanza ulinivimbisha kichwa. Kisauni, kupita kidogo Kongowea, ambayo siku hizo ilikuwa bado kijiji cha mashamba wala hakuna aliyewaza soko la malori, kulikuwa na fungu la "mfukuza nyani". Wakati wa vita kulikuwa na bustani ya mboga ya kulisha kambi, na mtu mmoja aliajiriwa kufukuza nyani. Kambi ilivunjwa, bustani ikaota magugu, nyani wakahama wenyewe. Posho iliendelea. Nilimkuta bwana huyo kwake akisuka kamba.

"Nimetoka ofisi ya mji," nikamwambia. "Nimekuja kwa habari ya nyani."

Akaweka kamba chini. "Alhamdulillahi," akasema. "Kila mwezi namwambia mke wangu, mwezi huu watakuja. Nyie watu mna subira!"

Hata hakukasirika. Alinipa madafu mawili niende nayo. Nilipiga mstari wangu mwekundu, nikaandika sababu na jina, na kwa siku nzima nikajisikia kama mtu aliyeuokoa mji.

Baada ya hapo nikaanza kuwatafuta wafukuza nyani kila mahali. Na katika orodha ya Changamwe nikaliona hili: "Mlinzi wa kisima, Jomvu Kuu." Nikaliangalia muda mrefu. Mlinzi wa kisima! Kisima kinaibwaje? Mwizi anakitia mfukoni? Nilimwuliza Bwana Athumani, naye akaniambia fungu hilo alilikuta, na karani aliyekuwa akienda huko, ambaye sasa amehama, kila mwaka alisema "Nimeona." Hakuwahi kusema ameona nini. "Nenda ukaone," akasema.

Jomvu Kuu haikuwa mbali na kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu. Ni mji wa zamani kando ya hori, mkono wa bahari ulioingia bara, misikiti yake, vijishamba vyake na vijia vyake, na watu wake wanaosalimiana mpaka salamu zinakwisha. Nilikuwa nimekulia karibu hivyo na sikuwahi kuingia, kwa kuwa sisi wa nyumba za reli tulidhani dunia inaishia penye bomba letu la shaba.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba ukitaka kujua watu wanafanya nini, usiwaambie unawatazama. Kwa hiyo sikubisha hodi kwa mtu. Nilikaa kwenye baraza ya duka lililofungwa, mwavuli juu, daftari pajani, kisima kikiwa mbele yangu upande wa chini, karibu na maji ya hori. Kilichongwa kwenye mawe, kina ukuta wa duara uliofika kiunoni, na juu yake kifuniko cha mbao chenye kufuli. Nilikaa siku tatu mfululizo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri.

Kwa siku tatu nikahesabu watu wanne. Wawili walikuja, wakaangalia kufuli, wakaenda zao. Mmoja aliegemea ukuta akafunga kiatu. Wa nne alikuwa mzee mmoja aliyekuja kwangu mimi, siku ya tatu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kama ni bwana umngojae, huyo hana nia."

Mlinzi sikumwona hata mara moja. Nikaandika ripoti fupi, ambayo hadi leo naweza kuisoma kwa kichwa: "Kisima hakitumiki. Kimefungwa. Mlinzi hayupo kazini." Siku ya wito wa mafungu, Bwana Athumani aliposoma, "Mlinzi wa kisima, Jomvu Kuu?" nilisimama.

"Nimeona, Bwana. Siku tatu. Hakuna kazi pale."

"Una hakika?"

"Nimehesabu."

Akanipa kalamu. Nikapiga mstari.

Habari zilifika Jomvu Kuu kabla wino haujakauka, maana kila ofisi ina tarishi na kila tarishi ana shangazi. Ndipo Bi Mwanasiti alipokuja, baada ya wiki moja, akiwa ametembea njia yote hadi ofisini kwetu kisiwani. Bwana Athumani alinyanyuka na kumpa kiti chake. Yeye akakataa kukaa.

"Mimi ndimi mlinzi," aliniambia. "Nasikia nimeondolewa."

"Hujaondolewa, Bi. Ni pendekezo tu."

"Pendekezo ndilo nini?"

"Ni jambo ambalo bado halijawa."

"Basi lisiwe."

Bwana Athumani akakohoa akatazama dirishani.

Nikamweleza, kwa adabu niliyoidhani nyingi, kwamba mji hauna pesa, kwamba kila kitu kinaangaliwa upya, na kwamba nilikaa pale siku tatu na sikumwona yeye wala watu.

"Mimi nilikuona," akasema. "Ulikaa barazani, una mwavuli mweusi. Tukasema huyu ni mtu wa injili, atasema akiwa tayari."

"Mbona hamkuniuliza?"

"Hukubisha hodi kwa mtu. Tulidhani una jambo lako." Akanitazama kidogo. Ndipo akauliza: "Siku ulizokuja kutuhesabu, mwanangu, maji yalikuwa wapi?"

"Maji gani?"

"Ya hori. Yamejaa au yamekupwa?"

Karani mwenzangu wa upande wa Likoni, mtu wa pwani aliyezaliwa juu ya maji, akafunika uso kwa mkono.

Bi Mwanasiti akamgeukia Bwana Athumani. "Mtoto huyu hana kosa," akasema kwa upole ulioniuma kuliko tusi. "Amesoma."

Kisha akaniambia niende kesho yake, nikae pale pale, saa zile zile.

Nilikwenda. Saa tatu ya asubuhi hori lilikuwa limekauka hata tope linang'aa, na kisimani palikuwa na wanawake ambao kwa nafasi niliyokuwa nayo kwenye ukurasa sikuweza kuwahesabu wote. Madebe, mitungi, masufuria, vicheko, ugomvi wa zamu. Kifuniko kiko wazi. Bi Mwanasiti amesimama kando na ufunguo shingoni, akiwaita mmoja mmoja. Niliwaona wanawake waliotoka hata upande wa juu, wake wa vibarua, Wagiriama na Wakamba, ambao mwaka uliopita walinunua maji ya bomba kwa wachukuzi wa mikokoteni na sasa hawana cha kununulia. Kisima nilichoandika hakitumiki kilikuwa, mwaka ule wa dhiki, kikinywesha watu wengi kuliko wakati mwingine wowote.

Jambo lenyewe ni rahisi, na kila mtu wa Jomvu Kuu alilijua isipokuwa serikali. Kisima kiko karibu na hori. Maji yakikupwa, ya kisimani ni matamu. Yakijaa, chumvi hupenya chini kwa chini kwenye mawe. Na ukiteka wakati huo, ndipo unapoivuta chumvi zaidi, hata kesho yake kisima hakinyweki. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kufunga na kufungua. Saa hizo husogea kila siku, kwa sababu bahari haifuati saa ya ofisi. Mimi nilikwenda wiki ambayo maji hujaa asubuhi nzima na kukupwa jioni. Nilikuwa nimehesabu kwa uangalifu mkubwa watu wasiokuwapo katika saa ambazo hawakupaswa kuwapo.

Maji yalipoanza kurudi horini, nilimsogelea. "Unajuaje, Bi, saa ya kufungua na ya kufunga? Maji ya kisima si kama ya hori, huyaoni yakija."

Alinitazama, nadhani akipima jibu litakalonitosha. "Naonja," akasema.

Akateka kidogo kwa kifuu, akayatia kinywani, akayazungusha taratibu huku macho kayaelekeza ng'ambo ya hori kama mtu anayesoma dua, akatema. "Bado matamu. Lakini si kwa muda mrefu."

Nusu saa baadaye akafunga, na wawili waliochelewa wakarudi na madebe matupu, wakimnung'unikia. Hakuwasikiliza hata kidogo. Nikapenda ukali wake.

Nilirudi ofisini nikamwambia Bwana Athumani kwamba nimekosea. Alikuwa akinoa penseli. Hakuacha.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Ulivyosema sasa hivi. Pembeni mwa mstari wako. Halafu kwa Mweka Hazina tutakwenda wawili."

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla karatasi kwenda kupigwa chapa. Mweka Hazina alitusikiliza kwa upole wake ule. Akasema hadithi ni nzuri, lakini hawezi kuwaambia wajumbe wa baraza kwamba katika mwaka kama huu mji unalipa ulimi wa mtu. Alitaka ushahidi. Akamtuma mhandisi wa maji, kijana wa Kizungu mwenye sanduku la chupa.

Mhandisi alitaka kwanza ateke maji, ayalete ofisini kwenye chupa zilizofichwa namba, na Bi Mwanasiti aonje mbele yetu sote. Bi Mwanasiti alikataa katakata. "Ulimi wangu ni wa Jomvu," akasema. "Kisiwani haufanyi kazi." Nilidhani ni maringo, nikamtetea. Basi ikawa mhandisi akae kisimani siku nne, achague saa zake mwenyewe, Bi Mwanasiti aonje palepale na kusema matamu au ya chumvi, mimi niandike, na chupa ziende maabara.

Nilikuwa na hofu kuliko yeye. Majibu yasipolingana, kisima kingebaki bila mtu, na wale wanawake wa madebe wasingekuwa na pa kwenda hadi bomba lije, nalo bomba nilikuwa nimeliona katika makadirio ya miaka ijayo, mahali tunapoweka vitu tusivyokusudia kuvifanya. Yeye alikaa kwenye ukuta wa kisima akisuka ukili. Kila mhandisi alipoita, alisimama, akazungusha maji kinywani, akatazama mbele, akasema neno lake, akarudi kwenye ukili.

Siku ya tatu kijana yule aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "Yeye nafanya hii miaka mingapi?" Nilipomtafsiria, Bi Mwanasiti akajibu, "Mwambie, tangu yeye akiwa kwa mamake."

Majibu ya maabara yalilingana na maneno yake yote isipokuwa chupa moja, na kesho yake mhandisi, masikio mekundu, alikuja kukiri kwamba chupa hiyo aliibandika namba ya nyingine.

Tukarudi kwa Mweka Hazina. Alisoma karatasi mara mbili. Akasema ameridhika, lakini kanuni ni kanuni: anayerudisha fungu lazima ataje fungu la kutoka, maana jumla ilishafungwa. Nilikuwa nimejiandaa. Kila mwaka kitabu cha makadirio kilitolewa kwa wajumbe kikiwa na majalada magumu ya kitambaa chekundu na herufi za dhahabu. Nikasema majalada yaondoke, vitabu vifungwe kwa uzi.

Nilijua anayapenda majalada yale. Alikuwa nayo ya miaka yote, yamepangwa nyuma ya kiti chake.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "wajumbe wasome bajeti ya mji kama orodha ya vitu vya dukani?"

"Ndiyo, Bwana. Pengine hivyo wataisoma."

Bwana Athumani alinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini Mweka Hazina alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu waraka wake ule, akatia sahihi. Aliongeza sharti moja: kama fungu linarudi, lirudi kwa jina la kazi inayofanywa kweli. Hivyo katika kitabu cha mwaka ule, kilichofungwa kwa uzi, na ambacho wajumbe walikilalamikia kwa sura yake kuliko kwa punguzo lolote lililomo, imeandikwa hivi: "Mwonja maji, Jomvu Kuu." Niliiandika mimi. Sijaandika kitu kingine kilichonipa fahari kiasi hicho.

Bwana Athumani hakunisifu. Alichofanya ni kuongeza safu moja katika fomu zetu za kuhesabia, "hali ya maji", ili kila anayekwenda bara aandike kama bahari ilijaa au ilikupwa. Hiyo ndiyo safu ambayo ninyi vijana, nimeona, huijaza "safi".

Tulifanya kazi pamoja miaka tisa mingine. Alinifundisha kusoma kitabu kizima kwa sauti bila koo kukauka, siri yake ikiwa tangawizi na kutokuwa na haraka. Alipoondoka nikashika wito wa mafungu mimi, na wengi wenu mmesimama mbele yangu mkasema "Nimeona" kwa sauti ya mtu ambaye hajaona, nami nikawatuma. Msiache desturi hiyo. Miaka ya shibe mtaiona inapoteza muda, lakini dhiki ikija mtakuwa na haraka ya kukata, na haraka hiyo naijua.

Kila mwaka nilikwenda Jomvu Kuu mwenyewe, ingawa ningeweza kumtuma mtu. Nilibisha hodi. Bi Mwanasiti alinikaribisha wali wa nazi na samaki wa kupaka, akanitania mbele ya watu, "Huyu ndiye aliyenifukuza kazi," na mimi nikala kimyakimya kama ilivyonipasa. Bomba lilipofika hatimaye, fungu lilifutwa kwa haki, kwa mkono wangu, naye akiwa amekaa kando yangu akiutazama mstari. Akasema umenyooka. Miaka michache baadaye akafariki dunia, Mungu amrehemu.

Mwaka jana nilialikwa arusi huko, nikakaa jikoni na binti yake, Bi Rukia, ambaye sasa ana wajukuu. Nikamsimulia habari za mhandisi na chupa zake, na ulimi wa ajabu wa mamake. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Akaniambia kwamba mamake alikuwa akitazama mizizi ya mikoko ng'ambo ya hori: maji yakifika kwenye vifundo fulani, anafunga, yakiviachia, anangoja kidogo, kisha anafungua. Alipoulizwa anajuaje, aliona ofisi haitamlipa mtu kwa kutazama mikoko, ndipo akasema anaonja. Na chumvi ya chungu cha nyumbani kwao alikuwa akitia Bi Rukia tangu utotoni, kwa sababu Bi Mwanasiti aliugua homa kali akiwa msichana, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kuisikia ladha ya chumvi ulimini.